Nguo za Miti: Historia ya Magome Yaliyotulisha, Yaliyotuvika na Yaliyotutibu



Wengi wenu mnanijua kwa mambo ya magauni, lasi na mitandio ya harusi. Leo nazungumzia nguo vile vile, ila si zile zinazopita kwenye cherehani yangu. Nazungumzia nguo ambazo kila mti huzaliwa nazo na hukua nazo: magome. Tunapita chini ya miti kila siku tukitazama matunda, maua na kivuli, na gome tunaliona kama kitu cha kuegemea tu. Lakini ukifuatilia historia utakuta gome limesafirisha majahazi baharini, limewavika wafalme, limezuia homa isiue watu, na limewaponza watu wengi waliokuwa wakilichuna. Na hata sasa, bibi harusi mtarajiwa, gome limo jikoni mwako. Limo kwenye pilau ya harusi yako.

Kila mti na mshono wake

Tuanze na gome lenyewe. Fundi yeyote anajua kwamba gauni zuri lina kitambaa cha nje na lina bitana. Gome nalo ni hivyo hivyo. Sehemu ya nje imekufa, ni kavu, na kazi yake ni kuukinga mti na jua, wadudu, moto na mikwaruzo. Sehemu ya ndani ni laini na ina uhai. Humo ndimo chakula kilichotengenezwa na majani hupita kuteremka hadi kwenye mizizi. Chini ya bitana hiyo kuna utando mwembamba sana ambao ndio unaozalisha mbao mpya kwa ndani na gome jipya kwa nje.

Hapo ndipo urembo wa magome unapotoka. Shina linanenepa kila mwaka, lakini gome la nje limeshakufa na haliwezi kutanuka. Ni kama gauni lililokatwa bila nafasi ya kuachia, halafu mwenyewe akanenepa: lazima lipasuke mahali. Kila aina ya mti ina namna yake ya kupasuka. Mwembe mkubwa una gome jeusi lenye nyufa za wima zilizokaribiana. Mpera huambua vipande vyembamba kama karatasi, na chini yake hubaki mabaka ya kijani na rangi ya shaba, laini kama hariri. Mkaratusi huchanika vipande virefu vinavyoning'inia. Msufi huota miiba kwenye shina, hasa ukiwa mdogo. Mbuyu una gome la kijivu linalong'aa kidogo, lenye mikunjo kama ngozi ya tembo. Kule bara kuna aina ya mgunga unaoota karibu na maji, gome lake ni la kijani kilichochanganyika na manjano, na lina unga unga ukiligusa. Gome hilo linatumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kazi ambayo kwa miti mingi ni ya majani.

Katika nchi za Ufilipino, Indonesia na Papua New Guinea kuna mkaratusi ambao gome lake likibanduka huwa la kijani kibichi, kisha linageuka buluu, zambarau, rangi ya chungwa na hudhurungi, yote kwenye shina moja kwa wakati mmoja. Ukiona picha yake utadhani mtu amepita na brashi. Subhanallah.

Na mnazi wetu? Mnazi hauna gome la namna hii kabisa. Zile pete unazoziona kwenye shina ni makovu ya makuti yaliyoanguka. Mnazi haunenepi mwaka hadi mwaka kama mwembe, kwa hiyo hauna haja ya nguo ya kupasuka na kushonwa upya.

Katika Surat Fatir Mola wetu anatukumbusha tofauti za rangi katika matunda, milima, watu na wanyama. Mimi ninapotazama shina la mpera karibu na shina la mwembe, nafikiri mafunzo yale yale yapo pia hapo, kwenye kitu tunachokiegemea bila kukitazama.

Mdalasini: gome lililofichwa kwa hadithi

Gome maarufu kuliko yote duniani ni mdalasini. Jina lenyewe lina safari ndefu. Limetoka kwenye Kiajemi likapita kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni mti wa China. Waarabu wana jina jingine pia, qirfa, linalotokana na kitendo cha kuambua. Yaani ukisema qirfa unasema gome.

Mdalasini halisi asili yake ni kisiwa cha Sri Lanka. Lakini kwa mamia ya miaka watu wa Ulaya walioutumia hawakujua unatoka wapi, na wafanyabiashara walioubeba hawakuwa na haraka ya kuwaambia. Herodotus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika kwamba kuna ndege wakubwa wanaojenga viota vyao kwa vijiti vya mdalasini kwenye majabali. Waarabu, anasema, huweka mapande makubwa ya nyama chini, ndege wanayabeba hadi viotani, viota vinashindwa na uzito na kuanguka, ndipo watu wanapookota mdalasini. Karne kadhaa baadaye mwandishi wa Kirumi, Pliny, alisema wazi kwamba hadithi kama hizi zimetungwa ili bei ipande. Kwa kweli hiyo ni biashara. Sisi wenye maduka tunajua kwamba bidhaa yenye hadithi huuzika kwa bei zaidi ya bidhaa isiyo na hadithi.

Mwaka 1505 Wareno walifika Sri Lanka, na baadaye wakataka mdalasini wote uwe wao. Katikati ya karne ya 17 Waholanzi waliwaondoa, na mwaka 1796 wakaja Waingereza. Kila aliyekuja alikuta kazi ya kuchuna magome inafanywa na watu wa ukoo maalumu, Wasalagama, na kila aliyekuja aliwabana watu hao. Walilazimishwa kupeleka kiasi walichopangiwa kila msimu, wakiingia misituni kuutafuta mti. Chini ya Waholanzi, mtu aliyekamatwa akichuna au kuuza mdalasini bila idhini angeweza kuhukumiwa kifo. Roho ya mtu kwa gome la mti! Ni katika nusu ya pili ya karne ya 18 tu ndipo Waholanzi walipoanza kuupanda mdalasini mashambani badala ya kutegemea ule wa mwituni.

Kazi ya kuchuna inahitaji mkono wenye adabu. Mchunaji hukata tawi changa. Kwanza hukwangua gome la nje, lile lililokufa. Kisha husugua kwa kipande cha shaba ili gome la ndani liachie, hulichanja kwa kisu, na kulibandua likiwa zima. Vipande hivyo huwekwa kimoja ndani ya kingine na kuachwa vikauke kivulini, navyo hujikunja vyenyewe kama kitambaa kilichotoka jorani. Kisiki kinachobaki huchipua tena, na baada ya mwaka mmoja au miwili mchunaji hurudi. Kwa hiyo unachotia kwenye pilau ni bitana ya mti, si kitambaa cha nje.

Kwenye mashamba yetu ya viungo hapa Unguja, mdalasini una jambo moja linaloshangaza wageni. Gome linanukia mdalasini. Ukisugua jani lake linanukia karibu na karafuu. Na ukichimba mzizi ukaukwangua, unanukia kafuri. Mti mmoja, harufu tatu, na kila moja ina pahala pake katika maisha yetu: ya kwanza ya jikoni, ya pili ya karafuu iliyojenga uchumi wa visiwa hivi, na ya tatu tunaijua kutokana na kuwaosha maiti wetu. Mkafuri wenyewe, ule unaotoa kafuri ya madukani ya asili, ni ndugu wa karibu wa mdalasini.

Mkandaa: gome la rangi na ngozi

Sasa turudi pwani, kwenye matope. Watu wengi wakiona msitu wa mikoko wanaona kitu kimoja. Wazee wetu waliona miti mbalimbali na kila mmoja wakaupa jina: mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi na mingineyo. Na moja ya njia za kuitambua ni magome yake. Mkomafi una gome laini linalobanduka mabaka mabaka, unafanana na mpera aliyehamia baharini. Mkoko wenyewe una gome gumu, la hudhurungi kuelekea weusi, lenye mipasuko.

Mkandaa ndio ulikuwa na gome la thamani. Gome lake likitwangwa na kuchemshwa hutoa rangi nyekundu ya hudhurungi, rangi ya kutu, na rangi hiyo inashika. Watu wa pwani waliitumia kutia rangi vitu vyao vya kazi kabla rangi za unga za madukani hazijaenea. Kinachofanya rangi ishike ndicho kinachofanya gome liwe kali mdomoni: ni kile kitu kinachokausha ulimi, kama unapokula ndizi mbichi. Kitu hicho kikiingia kwenye ngozi ya ng'ombe kinaikaza na kuizuia isioze. Ngozi inageuka kuwa ngozi ya viatu, mikoba na mikanda.

Kwa sababu hiyo viwanda vya ngozi vya Ulaya vilitaka sana magome ya mikoko. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, magome yalivunwa katika delta ya Rufiji na kupakiwa melini. Unguja na Pemba nako magome yalichunwa na kuuzwa nje. Fikiria mkoba au kiatu cha mwanamke wa Ulaya wa zama hizo, umekaushwa kwa gome la mti wa matopeni kwetu, na yeye hajui.

Lakini mkoko si mutuba, ambao nitauelezea punde. Mkoko ukichunwa gome kuzunguka shina lote, hauna namna ya kujishonea nguo mpya. Chakula kutoka kwenye majani hakifiki mizizini, na mti unakufa taratibu, pengine majani yakiwa bado ya kijani kwa muda. Anayechuna huwa ameshaondoka zamani. Na mikoko ikiondoka, samaki na kaa wadogo wanakosa pa kujificha, na bahari inakula ufukwe. Hasara hiyo huwafika kwanza akina mama wanaokwenda pwani kuokota chaza na kombe wakati maji yakitoka.

Mutuba: gome lililokuwa kitambaa

Hapa ndipo moyo wangu kama mshonaji ulipo. Nilipojifunza ushonaji tulifundishwa pamba, hariri, kitani, sufi na vitambaa vya viwandani. Hatukufundishwa kwamba katika Afrika Mashariki yetu kulikuwa na kitambaa ambacho hakikusokotwa wala kufumwa. Kilipigwa kwa nyundo.

Mti unaitwa mutuba kwa Kiganda, ni wa jamii moja na mitini na mikuyu. Waganda huchuna gome lake wakati wa mvua, linapokuwa laini na lenye maji. Fundi hukwangua ngozi ya nje, huchanja juu na chini ya shina, kisha huchana mstari mmoja kutoka juu hadi chini na kulibandua gome la ndani likiwa pande zima. Mara tu baada ya hapo, shina lililobaki wazi hufungwa kwa majani ya migomba ili lisikauke. Baada ya muda gome jipya linaota. Mti huo huo unaweza kuchunwa tena na tena kwa miaka mingi. Siri ni kwamba fundi hagusi ule utando mwembamba wa uhai niliouelezea juu.

Pande lile hulainishwa kwa moto au maji ya moto, halafu hupelekwa kwenye banda lisilo na kuta, likalazwa juu ya gogo, na wanaume wawili watatu hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji. Kwanza nyundo yenye mifereji mikubwa, kisha ya kati, kisha yenye mifereji midogo. Kadiri wanavyopiga ndivyo gome linavyotanuka, likawa pana mara kadhaa kuliko lilivyokuwa, laini, jembamba. Wanafanya kazi bandani ili jua lisilikaushe mapema. Mwishowe hutandazwa juani, na jua ndilo linalolitia rangi ile nzuri ya udongo mwekundu. Tundu likitokea, hutiwa kiraka kwa sindano na uzi. Nguo yenyewe inaitwa lubugo.

Kati ya koo za Buganda, ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, ndio uliokuwa na dhamana ya kazi hii kwa ajili ya mfalme. Mapokeo ya Buganda yanasema kwamba Kabaka Semakookiro, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18, aliamuru raia wake wapande mituba na kutengeneza nguo hizi. Wanaume walizifunga juu ya bega, wanawake walizifunga mwilini na kukaza mshipi kiunoni. Za kawaida zilikuwa za rangi ya udongo, na zile za wafalme na wakuu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi.

Sasa kiungo cha kwetu. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na baada ya hapo majora ya pamba kutoka Massachusetts yakawa yanateremshwa Unguja kwa wingi. Ndiyo asili ya jina merikani. Kitambaa hicho kiliondoka bandarini kwetu kwenye mabega ya wapagazi, kikapita Tabora, kikafika maziwa makuu. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwenye baraza la Kabaka Suna wa Pili. Inasimuliwa kwamba alipoona mfalme anaamuru watu wauawe, alisimama akamwambia kwamba watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na yeye mfalme vile vile. Waislamu wa Uganda huuhesabu mwaka huo kuwa ndio mwanzo wa Uislamu katika nchi yao. Mtoto wa Suna, Mutesa wa Kwanza, alifikia kufunga Ramadhani na kuvaa mavazi ya watu wa pwani.

Basi njia ile ile iliyopeleka shahada ilipeleka na merikani. La kwanza tunamshukuru Allah. La pili ni biashara, na biashara ina anayepata na anayekosa. Mwanzoni kitambaa cha pamba kilikuwa cha ikulu tu. Baadaye kikaingia kwa wakuu, kisha kwa kila mtu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokatiza merikani, vitambaa vya India vikachukua nafasi. Lubugo ikarudi nyuma. Ilibaki kwenye kutawazwa, kwenye matambiko, na kwenye mazishi, ambako maiti alifungwa ndani yake. Nguo iliyowahi kuwa ya kila siku ikawa ya siku ya mwisho.

Lakini haikufa. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi ya kutengeneza nguo za magome ya Buganda kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa binadamu, na mwaka 2008 ikaiingiza kwenye orodha yake rasmi. Leo wabunifu wa Kampala wanashona mikoba, kofia na hata magauni ya maonyesho kwa lubugo.

Nasema haya nikiwa mtu ninayeishi kwa vitambaa vya kuagiza kutoka nje, na sioni haya. Bibi harusi wangu anataka satini na lasi, nami nitamtafutia. Ila ni vizuri kujua kwamba kila kitambaa kinachoingia sokoni kina kitambaa kingine kilichokisukuma pembeni, na mafundi wake nao walikuwa na watoto wa kulisha. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Kwinini: gome chungu

Gome la mwisho ni dawa. Kwenye milima ya Andes huko Amerika Kusini kuna miti ya kwinini. Katika karne ya 17 mapadri wa Kijesuiti walilipeleka gome lake Ulaya kwa sababu lilikuwa linateremsha homa ya malaria. Wanunuzi walijifunza kulitambua kwa rangi: lipo jekundu, lipo la manjano, lipo la kijivu, na nguvu ya dawa haikuwa sawa. Aliyedanganywa rangi alidanganywa tiba. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kuitoa kwinini yenyewe kutoka kwenye gome, na tangu hapo mgonjwa akapimiwa dawa badala ya kupewa unga wa gome.

Nchi za Andes hazikutaka mbegu zitoke, na Wazungu walizitaka kwa kila hila. Mbegu bora kuliko zote zilitafutwa na mtu wa Bolivia, Manuel Incra Mamani, aliyeijua miti hiyo kwa macho. Alimkusanyia mfanyabiashara wa Kiingereza, Charles Ledger, naye akazipeleka Ulaya mwaka 1865. Waholanzi walinunua kiasi kidogo tu, wakazipanda Java, na kutokana na mbegu hizo wakaja kuishika biashara ya kwinini duniani kwa miongo mingi. Mamani alikamatwa kwao kwa kosa hilo, akafungwa na kupigwa, na akafa. Jina lake halikuandikwa kwenye chupa yoyote ya dawa.

Tanzania nayo ina sehemu yake. Kule Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti ya kwinini miongoni mwa mimea mingine mingi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowakatia njia ya baharini, walitengeneza dawa yao wenyewe kutokana na magome. Baadaye waliporudi nyuma kuelekea kusini bila mitambo, walichemsha magome na kunywa maji yake. Uchungu wake ulikuwa hausemeki, lakini ulipoza homa.

Ya kuchukua nyumbani

Baada ya historia hii ndefu, nina mambo machache kwa dada zangu, hasa mnaojiandaa na harusi.

La kwanza ni mdalasini unaonunua. Sokoni kuna aina mbili kubwa. Ule wa asili ya Sri Lanka ni mwembamba, rangi yake ni ya kahawia iliyopauka, umekunjwa tabaka nyingi ndani kama sigara, na unavunjika kwa vidole. Ule wa Kichina ni mnene, mgumu, mweusi kidogo, na una mkunjo mmoja tu. Wa Kichina una harufu kali, na kwenye pilau hauna tatizo. Lakini una kitu kinachoitwa kumarini kwa wingi zaidi, na kikitumiwa kila siku kwa wingi kinaweza kudhuru ini. Wapo mabibi harusi wanaokunywa maji ya mdalasini asubuhi na jioni kwa miezi ili wapungue. Tafadhali, jua ni upi unaokunywa, na kama una maradhi au unatumia dawa, muulize daktari kwanza.

La pili ni mikoko. Ukiona mtu anauza magome ya mikoko kwa dawa au rangi, muulize ameyatoa wapi na ameyachunaje. Kipande kidogo upande mmoja wa shina, mti unaweza kuvumilia. Kuzungushia shina lote ni kuua. Mbuyu unaweza kuota gome jipya, mutuba unaota ukifungwa vizuri, kisiki cha mdalasini kinachipua. Mkoko hauna bahati hiyo, na mimi na wewe tunaoishi kisiwani ndio tunaouhitaji zaidi.

La tatu linahusu ngozi zetu. Kila siku wanakuja dukani wasichana wanaotaka gauni jeupe na wakati huo huo wanajipaka mkorogo ili wafanane na gauni. Mkorogo unaambua gome la mwili, na mwili hauna la akiba. Dada yangu, mpera ni mzuri kwa mabaka yake na mwembe ni mzuri kwa weusi wake. Njoo na rangi yako, kitambaa nitakutafutia kinachokupendeza.

Na wale wenye bibi zao hai, waulizeni majina ya miti na kazi ya magome yake. Mimi nimeanza kuandika daftari. Kila bibi anayekuja kushonesha buibui namuuliza mti mmoja, na kila mara natoka na jina ambalo sikulijua.

Allah atubarikie katika elimu, katika ndoa zetu na katika visiwa vyetu. Aamin.